Upinde wa Mvua na Shemeji Yake

Hadithi ya Waluba juu ya Nkongolo na Mbidi Kiluwe si ngeni kwetu Kamina. Mbelgiji Luc de Heusch aliichambua katika kitabu chake, Le roi ivre, mwaka 1972. Yeye aona humo vita vya mbinguni: Nkongolo ni upinde wa mvua, azuiaye mvua, Mbidi, mwindaji kutoka mashariki, ndiye aletaye neema. Hata desturi ya Mbidi ya kula kwa siri aifanya alama ya ufalme bora.

Ni kazi ya akili nyingi. Lakini nyumbani siri ile ilikuwa ugomvi wa mashemeji. Mbidi alioa Bulanda na Mabela, dada za Nkongolo, mtu wa kula mbele ya wote. Mgeni akachekwa, akaenda zake, akamwacha Bulanda mjamzito. Mtoto, Kalala Ilunga, alitegewa shimo na mjomba wake. Akakimbia, akarudi na jeshi, Nkongolo akauawa.

Na Bulanda, kati ya kaka, mume na mwana? Hadithi yampita upesi. Kitabu chafuata mwendo ule ule. Kisomeni, lakini mwulizieni Bulanda, hasa ninyi mnaopokea mkwe mwenye desturi nyingine.