Fundi wa sauti: deni ambalo wanamuziki wetu hawajalipa

Mu mji wetu wa Lubumbashi, karibu kila tamasha la muziki linamalizika kwa shukrani. Kiongozi wa orkestra anashika mikro, anapangusa jasho, anaanza kutaja majina. Anashukuru mkubwa aliyelipa bia ya wanamuziki, anashukuru prezida wa shirika, anashukuru mama aliyeshona nguo za wachezaji, hata mwenye kuleta viti. Watu wanapiga makofi. Wakati ule ule, pembeni ya jukwaa, kijana mmoja anakunja kamba za mikro moja moja. Jina lake halitajwi. Lingetajwa kama mikro ingelia katikati ya wimbo: hapo wote wangegeuka kumwangalia, na mwimbaji angemuonyesha kidole mbele ya watu.

Huyu njo fundi wa sauti. Wenye kupenda Kifaransa wanamwita enjeniere. Ndugu msomaji, utaniuliza: kitabu hiki kinaongea juu ya mila zetu, sasa mambo ya mabafle na kamba za umeme yanaingia namna gani? Nitajaribu kuonyesha kwamba kumsahau fundi wa sauti si kukosa adabu tu. Ni kusahau jambo moja ambalo wazee wetu walilijua vizuri kutupita.

1. Kazi yenyewe ni nini?

Tuchukue muziki tunaoujua. Katika orkestra ya rumba mara nyingi kunakuwa magita manne: solo, mi-solo, akompanyema na besi. Wimbo unaanza pole pole, waimbaji wanaimba pamoja. Kiisha unafika kwenye sebene, sehemu ya kucheza, na hapo magita yanaongoza. Solo inaongea juu, akompanyema inashikilia chini. Mi-solo iko katikati: inajibu solo, inaziba nafasi kati ya noti zake, inaunganisha wote. Mtu asiyezoea hawezi kuitambua, lakini ukiiondoa, sebene inakuwa sawa vile kitunga kilichotolewa nyuzi za katikati. Na tangu mwaka 1982, Zaïko Langa Langa walipoingiza atalaku katika muziki wao, kuko tena sauti ya yule mwenye kuchochea wachezaji, pamoja na marakasi yake.

Sasa, nani anaamua kama mi-solo itasikika? Mpigaji mwenyewe hawezi. Yeye amesimama karibu na bateri, anasikia paka bateri. Mwimbaji naye anasikia paka ile bafle ndogo inayomrudishia sauti yake. Hakuna mwanamuziki hata mmoja juu ya jukwaa anayesikia kile ambacho sisi tunasikia. Mtu mmoja tu mu orkestra nzima anasikia na masikio ya watu waliolipa: yule aliyeketi mbele ya meza ya kuchanganyia sauti. Akiacha atalaku afunike yote, mi-solo imekufa, na mpigaji aliyejifunza miaka kumi amepiga bure.

Tena kazi yake inapigana na vitu visivyoonekana. Ile kelele ya mikro, wanaiita larseni. Inatokea wakati sauti inayotoka kwenye bafle inaingia tena kwenye mikro, inakuzwa, inatoka na nguvu zaidi, inaingia tena, na kuzunguka hivyo mpaka watu wanaziba masikio. Mwimbaji anayeshuka na mikro yake na kwenda kusimama mbele ya bafle kubwa, yeye mwenyewe ameita larseni, lakini lawama ni ya fundi. Kuko pia jambo la nyumba. Sala nyingi za parokia zetu zina kuta za matofali na mabati juu: sauti inagonga ukuta na kurudi. Watu wakijaa, miili na nguo zao zinameza sauti, zaidi zile nyembamba za juu. Kwa hiyo mizani iliyopangwa saa kumi sala ikiwa wazi, haiko tena mizani saa mbili usiku. Fundi anapaswa kuanza upya, muziki ukiwa unaendelea, na watu wasijue. Akifaulu, hakuna anayeona kitu. Hiyo njo shida ya kazi yake: ikiwa nzuri haionekani.

2. Wazee walikuwa wanajua

Kuko watu wanaosema mambo ya sauti ni ya wazungu, kwamba muziki wa asili haukuhitaji fundi. Hao hawajaangalia ngoma vizuri.

Kabla ngoma ya ngozi haijapigwa, inapelekwa karibu na moto. Ngozi inakauka, inakazika, sauti inapanda. Mwenye kuipasha anagonga, anasikiliza, anaiondoa, anairudisha. Akizidisha, ngozi inapasuka. Akipunguza, ngoma inalia kama boksi la karatasi. Kwenye ngoma fulani wanabandika katikati ya ngozi ulimbo mweusi ili sauti ishuke na kuwa nzito, na wanauongeza au kuupunguza mpaka ikubaliane na ngoma nyingine. Je, hiyo si balanse?

Kuko jambo lingine zuri zaidi. Ngoma nyingi za Baluba na za Batshokwe zina tundu dogo ubavuni. Tundu lile linafunikwa na ngozi nyembamba sana, mara nyingi utando ule ambao buibui anafungia mayai yake. Ngoma ikipigwa, utando unatetemeka, na sauti inapata mlio kama wa nyuki. Vilevile kwenye vibuyu vya madimba. Aliyeweka utando ule hakutaka sauti safi. Alitaka sauti yenye kuuma kidogo, yenye kufika mbali. Ni mtu aliyefikiri juu ya masikio ya wengine.

Anayebisha, akumbuke Konono No. 1 ya Kinshasa. Mingiedi Mawangu, aliyeianzisha katika miaka ya 1960, alikuwa mpiga likembe katika mila ya Bazombo. Kinshasa kulikuwa kelele nyingi, likembe haikusikika. Basi alitengeneza mikro zake mwenyewe kwa sumaku za vyuma vya motokari vilivyotupwa, akatoa sauti kwenye vipaza sauti vya zamani. Vyombo vile viliongeza mlio mkali, na yeye hakuukataa, juu mlio ule ulikuwa ndugu ya ule wa utando wa buibui. Mwaka 2004 ilitoka sahani yao Congotronics, na Mbelgiji Vincent Kenis aliyeitengeneza aliuacha mlio ule usikike. Dunia nzima ilishangaa, ikadhani ni kitu kipya. Mingiedi alikufa mwaka 2015. Ndani yake, mwanamuziki na fundi wa sauti walikuwa mtu mmoja. Huyo hakuwa na haja ya kushukuru fundi wake, lakini sisi wengine tunayo.

3. Mzee na kisanji

Nitatoa mfano mmoja niliouona na macho. Katika jioni moja ya utamaduni, waliita mzee mmoja apige kisanji, ambacho Kinshasa wanaita likembe. Alikuja nyuma ya orkestra ya vijana. Mabafle yalikuwa bado yamefunguliwa kwa nguvu ya orkestra, na mtu mmoja wa jukwaani, kwa haraka, alisimamisha mikro mbele ya mdomo wa mzee. Kisanji hakikusikika. Walipandisha sauti: larseni. Wanafunzi wangu walikuwa wameketi karibu nami, wakaanza kucheka. Mmoja akasema: "Iki kintu haina nguvu." Nilisikia haya, si juu ya mzee, lakini juu yetu tuliomwita.

Hapo fundi, kijana wa miaka kama ishirini na mitano, aliacha meza yake akapanda jukwaani. Alichuchumaa mbele ya mzee na kumwambia: "Tata, unisamehe. Upige kwanza bila mikro, nisikie." Sala ilinyamaza. Mzee alipiga. Kijana aliweka sikio karibu na kibuyu, kiisha akashusha mikro mpaka pale sauti ilipokuwa inatoka, akafunga mikro nyingine zote, akarudi pole pole kwenye meza yake. Baada ya dakika mbili tulisikia kila ulimi wa chuma, hata ule mlio wa pete ndogo zinazotetemeka. Mzee alisimama kupiga, akacheka, akasema kwenye mikro: "Mwana yangu, leo njo nasikia vidole byangu."

Alipomaliza, hakutaja wakubwa walioketi mbele. Alishuka, akaenda mpaka kwenye meza ya yule kijana, akapiga magoti kidogo na kumpigia mikono pole pole, namna ile tunavyowapigia watu wa kuheshimiwa. Mzee kumpigia mtoto! Watu walinyamaza. Juma lililofuata, wanafunzi watatu waliniuliza wapi wanaweza kujifunza kisanji. Kati yao alikuwemo yule aliyesema hakina nguvu.

Ndugu msomaji, pima mwenyewe. Kama fundi angekaa kwenye kiti chake, watoto wale wangerudi nyumbani wakiamini kwamba chombo cha babu zao ni kitu cha kuchekesha. Tunaandika vitabu, tunafanya mikutano juu ya kulinda mila, na siku yenyewe mila inauawa na mikro iliyowekwa mahali pabaya.

4. Makosa ni ya pande zote

Sitaki kuwafanya mafundi kuwa watakatifu. Kuko wengi wanaofikiri kwamba sauti nzuri ni sauti kubwa. Wanajivuna na hesabu ya mabafle, na tangu wimbo wa kwanza wanafungua yote mpaka mwisho, mpaka maneno ya mwimbaji hayasikiki. Wengine wameweka simu kwenye sikio wakati sebene imeanza. Hao, wanamuziki wako na haki ya kuwalalamikia.

Lakini tuwaulize wanamuziki pia. Balanse imewekwa saa tisa. Wao wanafika saa moja jioni, watu wamekwisha ingia. Kila mmoja anamwambia fundi neno moja tu: "Panda yangu!" Solo anataka kupanda, besi anataka kupanda, mwimbaji anataka kupanda. Fundi akiwasikiliza wote, kila kitu kimepanda na hakuna kinachosikika. Na usiku ukiisha, fundi analipwa wa mwisho, kama kumebaki kitu.

Sauti iliyoshikwa vizuri haipotei na usiku ule. Tarehe 22 mpaka 24 Septemba 1974, Kinshasa, kwenye Stade du 20 Mai, kulifanyika tamasha kubwa la Zaïre 74, lililopangwa pamoja na pigano la Ali na Foreman. Walikuwako James Brown na B.B. King, na upande wa Afrika Franco na TPOK Jazz, Tabu Ley na Afrisa, Abeti, Miriam Makeba. Filamu yake, Soul Power, ilitoka mwaka 2008, na sahani ya wanamuziki wa Afrika waliopiga pale ilitoka mwaka 2017, miaka 43 nyuma ya tamasha. Mtoto aliyezaliwa baada ya Franco kufa anaweza kusikia leo namna Franco alivyopiga mbele ya watu usiku ule. Mafundi walioshika sauti ile, nani kati yetu anajua jina la mmoja wao?

5. Libanga si shukrani

Wengine watasema: basi, tumtaje fundi katika wimbo, tumtupie libanga. Sote tunajua libanga: jina la mtu linaloitwa katikati ya wimbo, mara nyingi kwa sababu alilipa au anangojewa kulipa. Sikatai jina lake litajwe. Lakini libanga ni biashara, na fundi hana pesa ya kununua jina lake. Tena jina lililotajwa na mtu aliyechelewa kwenye balanse ni kelele tu.

Yule mzee wa kisanji alitufundisha shukrani ya kweli. Kabla ya kupiga mikono, alimpa fundi vitu viwili: wakati na ukimya. Alikubali kupiga peke yake, bila mikro, ili mwingine asikie. Mwanamuziki anayemheshimu fundi anafika mapema, anapiga wimbo mzima kwenye balanse na si noti mbili, ananyamaza wakati mwenzake anapimwa, na hasimami mbele ya bafle. Anamwita fundi kwenye repetisio, ajue wapi sebene inaanza na wapi mi-solo inaongea. Anapatana naye malipo mbele ya siku ya kazi. Akifanya hayo, hata akisahau kutaja jina, ameshukuru.

Kwa kumalizia, ninawageukia wenzangu wa mashirika ya utamaduni. Tarehe 14 Desemba 2021, UNESCO iliandika rumba ya Kongo zote mbili katika urithi wa wanadamu. Tulifurahi, na ilikuwa haki. Lakini rumba, sawa vile kisanji na madimba, inaishi paka pale inaposikika. Katika programu zetu tunaandika majina ya wasemaji, ya wachezaji, ya wageni wa heshima. Tuandike pia jina la fundi wa sauti, na tumwite siku moja mbele, apate kukaa na wazee na vyombo vyao, awasikie kabla ya kuwasha chochote. Hiyo haiombi pesa nyingi. Inaomba tu tufike saa ambayo tumeandika kwenye mwaliko.