Mikunjo ya Daftari Jekundu

Methali yetu ya pwani inamsema Baniani kuwa mbaya, lakini kiatu chake dawa. Tumeirithi na tunaitumia, wala hatujiulizi kwa nini mtu aliyeketi dukani tangu asubuhi hadi magharibi akumbukwe kwa kiatu. Kitu chake cha kukumbukwa kilikuwa magotini pake: daftari refu, jembamba, lenye jalada la kitambaa chekundu.

Nililishika la namna hiyo kwa mara ya kwanza Mombasa, katika duka moja la kanga Mtaa wa Biashara, siku chache kabla ya Diwali. Mzee mwenye duka alikuwa akisafisha rafu za juu, akateremsha kifurushi kilichozungushiwa kamba. Ndani mlikuwa na daftari jipya ambalo halijawahi kuguswa na wino. Jalada lilikuwa limepigwa nyuzi nyeupe, safu kwa safu, kama godoro lililoshonwa kwa mkono. Nikalifungua. Kurasa tupu, hazina hata mstari mmoja.

"Mzee, mbona halina mistari?"

"Mistari iko, mwanangu. Pitisha kidole."

Nikapitisha kidole kutoka kushoto kwenda kulia, nikaihisi: vijituta vyembamba vya karatasi, kimoja baada ya kingine, kwa nafasi sawasawa. Hakuna rula iliyopita pale wala kalamu. Karatasi ilikuwa imekunjwa, ikakunjuliwa, na mikunjo yenyewe ndiyo mistari.

Kwa Kigujarati daftari hili huitwa chopdo, na yakiwa mengi chopda. Kaskazini mwa India husema bahi-khata. Ufundi wake unaanza kwenye kukunja. Karatasi ikikunjwa katikati, kisha katikati tena, kisha mara ya tatu, ikifunguliwa ina safu nane. Kwa maneno ni rahisi. Lakini jaribu kwa rundo la karatasi ndefu, nawe utajua kazi ilipo: mkunjo wa kwanza ukienda upande kidogo tu, wa pili unalibeba kosa lile na wa tatu unalizidisha, na kufika mwisho safu moja imenenepa, nyingine imekonda. Daftari nililoshika halikuwa na safu iliyokonda. Aliyelikunja aliituliza karatasi ukingo juu ya ukingo, akaibana, ndipo akaenda kwenye nyingine, na kwa wingi wa kurasa zile lazima alifanya hivyo kwa saa nyingi bila kuharakisha hata mara moja.

Safu nane zile si pambo. Nne za kushoto ni za jama, yaani kilichoingia. Nne za kulia ni za kilichotoka. Katika kila nne, ya kwanza huitwa sira, na humo huandikwa kiasi cha fedha. Tatu zinazofuata ni peta, mahali pa maelezo: nani, kwa kitu gani, siku gani. Fedha imepewa safu moja, habari ya fedha imepewa tatu. Mpangilio huo naupenda sana. Aliyeubuni alijua kwamba tarakimu peke yake haisemi kitu mpaka mtu na jambo lake viandikwe kando yake.

Baada ya kukunja huja kushona. Msharasi hutoboa, sindano hufuata na uzi mnene wa pamba, ukipita kwenye pindo la katikati na kurudi. Hapa ndipo daftari linapopata tabia yake. Kwa kuwa kila karatasi inapita kwenye pindo na kutokea upande wa pili, ukurasa wa mbele una pacha wake nyuma. Chomoa mmoja kwa siri, na pacha wake atalegea na kukusema. Uzi unashika kurasa, na unamshika pia mwenye kurasa.

Jambo hili limewahi kufika mahakamani. Mwaka 1998, katika kesi kubwa ya tuhuma za rushwa, Mahakama ya Juu ya India ilibidi iamue daftari la hesabu ni kitu gani mbele ya sheria ya ushahidi. Majaji walikubali kwamba karatasi zilizofungwa pamoja zinaweza kuitwa kitabu, lakini karatasi zilizolegea ndani ya faili haziwezi. Mshonaji wa chopda angeweza kuwaambia hivyo tangu zamani.

Basi daftari hili lina siku yake. Kwa kalenda ya Gujarat, Diwali ni siku ya mwisho ya mwezi wa Aso, usiku ambao mwezi umefichika kabisa, na kesho yake unaingia mwaka mpya wa Vikram Samvat. Hesabu ya miaka hiyo inatangulia ile ya kawaida kwa takriban miaka 57. Mwaka ulioanza mwezi Novemba 2024 ulikuwa wa 2081. Mwaka wa zamani unafungwa, madeni yanajumlishwa, na daftari jipya linawekwa wakfu. Ibada hiyo huitwa Chopda Pujan. Wengi hulinunua daftari mapema, siku ya nyota ya Pushya, ambayo Wagujarati huihesabu kuwa siku ya baraka kwa kununua vitu viwili: dhahabu na madaftari. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Karatasi tupu imepangwa sawa na dhahabu.

Jioni ya Diwali daftari huwekwa juu ya kitambaa safi, mbele ya picha au sanamu za Lakshmi wa neema, Ganesh mwondoa vikwazo na Saraswati wa elimu. Vitaa vya udongo vinawashwa. Anayeandika huchovya kidole au kalamu kwenye kumkumu, ile poda nyekundu, akachora swastika, alama ya heri iliyokuwa India maelfu ya miaka kabla ya kunyakuliwa na kuchafuliwa huko Ulaya. Pembeni huandikwa maneno mawili, Shubh na Labh, yaani heri na faida. Heri imetangulia.

Kisha huja kazi inayotaka mkono mtulivu kuliko zote. Juu ya ukurasa, katikati kabisa, huandikwa neno moja: Shri. Chini yake Shri mbili. Chini yake tatu. Maneno yanashuka na kupanuka hadi yanakuwa mlima wa pembe tatu. Wapo wanaokomea safu ya 7, na hapo mlima una Shri 28. Wapo wanaofika 9, na hapo ni 45. Mwandishi hana rula. Katika safu ya nne, maneno mawili ya katikati lazima yakae kuume na kushoto kwa nafasi iliyo chini ya Shri ya kwanza. Akiteleza hapo, mlima unainama. Anayeijua kazi hii haandiki safu kutoka mwanzo hadi mwisho tu, bali kila mara macho yake yanarudi kileleni kabla ya kuteremsha mkono. Herufi za Kigujarati zinamsaidia, kwa sababu zimetokana na Kidevanagari lakini zimevua ule mstari wa juu unaoziunganisha. Wafanyabiashara ndio walioziandika namna hiyo katika barua na hesabu zao, hata mwandiko huo ukaitwa kwa jina lao, vaniasai. Ni neno la ukoo mmoja na Baniani wetu.

Mlima ukikamilika, ukurasa huwekewa jani la tambuu, popoo na sarafu, hunyunyiziwa mchele, na mwanga wa taa huzungushwa mbele yake. Msomaji wa Unguja au Lamu hahitaji kuelezwa tambuu na popoo ni nini. Bibi zetu walivijua vizuri.

Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya India, nao wana Diwali yao ndani ya usiku uleule, na sababu yao ni nyingine. Kwao ni usiku ambao Mahavira, mwalimu wao wa 24, aliaga dunia huko Pavapuri, Bihar, akiwa na miaka 72. Mapokeo yao yanataja mwaka 527 kabla ya Kristo. Wanasimulia kwamba wafalme 18 waliokuwapo waliwasha taa kwa kuwa nuru ya elimu ilikuwa imeondoka, ikabidi nuru ya kawaida ishike nafasi yake. Kulipokucha, mwanafunzi wake mkuu Gautam Swami, aliyekuwa amelemewa na huzuni, akapata ujuzi kamili. Kwa hiyo Mjaini anapofungua daftari jipya hutaja juu ya ukurasa karama za Gautam Swami, nguvu za Bahubali, akili za Abhaykumar, akiomba apate fungu katika kila moja.

Lakini dini ya Kijaini inafundisha kutojilimbikizia mali. Imekuwaje basi ibariki kitabu cha faida? Swali hili lilinisumbua mpaka nilipotazama viapo vyao kwa karibu. Mjaini wa kawaida, asiye mtawa, anaweza kuapa kwamba mali yake haitapita kiasi fulani alichojiwekea mwenyewe. Atajuaje kwamba amefika? Bila hesabu iliyonyooka kiapo hicho ni maneno matupu. Na katika makosa yanayovunja kiapo cha ukweli, mafundisho yao yanataja waziwazi kughushi maandishi. Katika yale yanayovunja kiapo cha kutoiba, yanataja mizani na vipimo vya uongo. Kwa mtu wa namna hiyo daftari ni mahali pa ibada kweli, na mshonaji aliyelifunga kwa uzi usiodanganya amefanya kazi karibu na ile ya kujenga hekalu.

Gandhi aliacha picha ya mtu kama huyo. Aliporudi kutoka Uingereza mwaka 1891 alikutana Bombay na Rajchandra, sonara na mshairi wa Kijaini, mfanyabiashara wa lulu na almasi. Gandhi anaeleza kwamba mezani pake pa biashara hapakukosa kitabu cha dini na shajara yake, na mara tu biashara ilipokwisha alifungua kimojawapo. Rajchandra alifariki mwaka 1901, akiwa na miaka 33. Gandhi mwenyewe, mtoto wa jamii ya wafanyabiashara, alipokuwa mwanafunzi London aliandika kila senti aliyotumia. Mwaka 1893 alipokwenda Afrika Kusini, njiani akipitia Lamu, Mombasa na Unguja, alikuta kesi aliyoitiwa imejaa mambo ya hesabu, ikabidi anunue kitabu ajifunze utunzaji wa vitabu vya fedha.

Pwani yetu ina alama za madaftari hayo ndani ya ulimi wake. Laki, hundi, bima, bepari: maneno haya yalivuka bahari pamoja na watu walioketi na chopda. Zama za Seyyid Said, forodha ya Unguja ilikodishwa kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Wabhatia wa Kachchh, India. Tumeyachukua maneno, tukayafanya yetu, na lile la bepari tukaligeuza kuwa tusi.

Siku hizi India mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Aprili, na hesabu ziko kwenye kompyuta. Mwaka 2019 Waziri wa Fedha Nirmala Sitharaman alipeleka bajeti bungeni ndani ya kitambaa chekundu cha mtindo wa bahi-khata badala ya mkoba, na nchi nzima ikaielewa ishara ile. Wakati wa Diwali soko la hisa la Mumbai hufunguliwa kwa takriban saa moja kwa ajili ya biashara ya heri. Madukani wapo wanaochora swastika juu ya kompyuta ya mapajani na kuiwekea popoo, nami siwacheki, kwa sababu nia ni ileile. Ninachokisikitikia ni kidole. Kwenye kioo hakuna mkunjo wa kuhisi, na ukurasa ukifutwa hakuna pacha anayelegea.

Mzee wa Mtaa wa Biashara aliteremsha pia daftari la zamani, la marehemu baba yake. Uzi ulikuwa umegeuka rangi ya chai, lakini hakuna ukurasa uliokuwa umetoka. Akaweka kidole kwenye safu ya tatu na kusoma polepole: jina la mtu wa Kisauni, doti 2 za kanga, tarehe, amelipa. Jina la Kiswahili katika herufi za Kigujarati. Wajukuu zake, aliniambia, hawawezi kuusoma mwandiko ule, na yapo madaftari mengine ambayo mchwa wameshayamaliza.

Kwa hiyo nina ombi kwa kila familia ya Mombasa, Unguja, Dar es Salaam au Lamu yenye madaftari mekundu stoo. Msiyachome Diwali inapokuja na nyumba inasafishwa. Yafungeni kwa kamba zake, yawekeni pakavu, na kama hamna nafasi yapelekeni kwenye nyaraka za taifa, kama zile za Zanzibar pale Kilimani. Ndani yake mna bei za kanga na karafuu, na majina ya babu zetu, na mbele ya mengi ya majina hayo imeandikwa kwamba deni lililipwa.