Tribromobenzini 1,3,5: kundi linaloletwa ili liondolewe

Tribromobenzini 1,3,5 ni pete ya benzini ambamo atomu tatu za bromini zinapishana na atomu tatu za hidrojeni: kaboni moja ina bromini, inayofuata haina, hadi mzunguko unatimia. Kwenye karatasi ni umbo jepesi. Maabarani ni kitendawili, kwa sababu bromini zikiachiwa zijipange zenyewe hazikai hivyo.

Benzini ikikutanishwa na bromini mbele ya bromidi ya chuma, bromini ya kwanza huingia popote, maana nafasi zote sita ni sawa. Ya pili haina uhuru huo. Bromini iliyotangulia huipunguzia pete kasi ya kumenyuka, na papo hapo humwelekeza mgeni kwenye nafasi ya otho, yaani jirani, au ya para, yaani ya mkabala. Nafasi ya meta, yaani ya pili kutoka ilipo bromini, huachwa karibu tupu. Zao kubwa ni dibromobenzini 1,4, ambayo nafasi zake nne zilizobaki zinalingana. Bromini ya tatu ikiingia katika yoyote kati ya hizo, kinachopatikana ni tribromobenzini 1,2,4. Kuongeza bromini, joto au muda hakusaidii kitu.

Kwa hiyo kazi huanzwa kutoka mwisho, mtindo ambao E. J. Corey wa Marekani aliupangia kanuni na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990. Swali ni hili: kundi gani likiwa kwenye kaboni namba 1 litazipeleka bromini kwenye namba 2, 4 na 6? Nafasi hizo tatu ziko meta zenyewe kwa zenyewe, na ndizo zinazotakiwa. Kundi la hidroksili la fenoli linaiweza kazi hiyo, lakini kuling'oa kwenye pete baadaye ni shida. Kundi la amino la anilini linaiweza vilevile, na lina njia ya kuondoka. Hapa amino ni mshenga: huwafikisha wahusika mahali pao, kisha huaga.

Amino nayo haitiwi kwenye benzini kwa hatua moja nyepesi. Hutanguliwa na nitro. Asidi kali ya nitriki na ya salfuriki zikichanganywa huzaa ioni ya nitroniamu, ambayo huishambulia pete na kutoa nitrobenzini, mafuta ya manjano yenye sumu na harufu ya lozi chungu. Joto hushikiliwa chini ya nyuzi 60 hivi. Nitro huvuta elektroni za pete na kuifanya nzito kumenyuka tena, kwa hiyo katika joto hilo nitro ya pili huingia kwa shida.

Hatua ya pili hugeuza nitro kuwa amino. Maabarani hutumika stani, yaani bati, pamoja na asidi ya hidrokloriki. Viwandani kwa muda mrefu ilikuwa chuma na asidi, njia ya Béchamp ya mwaka 1854. Anilini hutoka ikiwa chumvi, hivyo hidroksidi ya sodiamu huongezwa ili kuiachilia, kisha hukenekwa kwa mvuke wa maji.

Mpangilio wa hatua hizi hauna nafasi ya kubadilishwa. Bromini ikitiwa kabla nitro haijageuzwa, itakwenda meta, kwa kuwa huko ndiko nitro inakoelekeza, na bidhaa itakuwa bromonitrobenzini 1,3. Vitendanishi ni vilevile, zao ni jingine kabisa. Makosa mengi ya wanafunzi katika maswali ya hatua nyingi huzaliwa hapa: kila mmenyuko umekaririwa sawasawa, ila hakuna aliyeuliza pete ina hali gani wakati kitendanishi kinapofika.

Kwenye anilini mambo hubadilika ghafla. Jozi ya elektroni ya nitrojeni huimiminia pete elektroni, hata kichocheo hakihitajiki. Maji ya bromini yakiongezwa katika joto la chumba, mashapo meupe ya tribromoanilini 2,4,6 hutokea mara moja, moli tatu za bromini kwa kila moli ya anilini. Pupa hiyo ni kero kwa anayetaka bromini moja tu. Yeye hulazimika kwanza kuifunika amino kwa anhidridi ya asetiki, kuweka bromini kwenye para ya asetanilidi, kisha kulifunua kundi kwa kuchemsha na asidi au besi. Kwa tribromobenzini, pupa ndiyo inayotafutwa.

Inabaki kumuaga mshenga. Peter Griess, Mjerumani ambaye baadaye alikuwa mkemia wa kiwanda cha bia huko Burton upon Trent, Uingereza, alieleza mwaka 1858 kwamba amini za pete zikipewa asidi ya nitrasi huzaa misombo ya diazo. Asidi hiyo hutengenezwa palepale kutokana na nitriti ya sodiamu na asidi kali, kwa kawaida kati ya nyuzi 0 na 5. Bromini tatu zimeifanya amino hii kuwa besi dhaifu sana, kwa hiyo asidi hafifu haitoshi. Chumvi ya diazoniamu haikaushwi, maana ikikauka inaweza kulipuka. Hutumiwa ikiwa bado kwenye myeyusho. Asidi ya hipofosforasi huiondolea nitrojeni na kuacha hidrojeni mahali pake. Ethanoli moto hufanya kazi hiyohiyo, yenyewe ikigeuka asetaldehidi. Maji pekee yakipashwa moto huelekea kuleta fenoli.

Gharama ya mzunguko huu ni mavuno. Kama kila moja ya hatua nne ingetoa asilimia 80, mwishoni ingebaki takriban asilimia 41 ya kilichotarajiwa.

Uhakiki nao una mtego wake. Tribromobenzini 1,3,5 huyeyuka karibu na nyuzi 120, na tribromoanilini iliyoizaa vivyo hivyo, kwa hiyo kipimajoto peke yake hakithibitishi kuwa hatua ya mwisho imefanyika. Kipimo cha zamani ni kuchanganya unga uliopatikana na tribromoanilini safi: vikiwa vitu viwili tofauti, mchanganyiko huyeyuka katika joto la chini zaidi. Siku hizi hutazamwa mwanga wa infraredi, na alama za vifungo vya nitrojeni na hidrojeni, zilizo kati ya 3300 na 3500 kwa sentimita, zinapaswa kuwa zimetoweka.