"Ugumu" au "Ukakamavu"?

Katika tafsiri za miongozo ya programu za uhandisi zinazotufikia, neno moja linabebeshwa kazi ya maneno matatu. Neno hilo ni "ugumu". Wafasiri hulitumia kwa kitu kisichokwaruzika, kwa kitu kisichovunjika, na kwa kitu kinachokataa kupinda. Kosa hili si dogo, kwani kila sifa kati ya hizo ina kipimo chake.

Wafugaji wa Tarime na Serengeti huijua tofauti hiyo bila kamusi. Ngozi mbichi ya ng'ombe haichaniki kwa mikono, lakini hukunjika upendavyo. Ikiwambwa juani hukakamaa, isikunjike tena. Nguvu ilikuwapo tangu awali. Kilichoongezeka ni ukakamavu. Vivyo hivyo, nyuzi za kioo zinazotiwa katika plastiki hustahimili mvuto kuliko feleji ya kawaida ya ujenzi, hali ukakamavu wake ni takriban theluthi moja tu ya ule wa feleji. Msomaji akiambiwa kuwa nyuzi hizo zina "ugumu mdogo", ataelewa lipi?

Kosa la pili ni "sehemu ya msalaba". Hapa hapana msalaba wowote. Kinachokusudiwa ni uso unaoonekana boriti ikikatwa kwa kukingama. Nao twauita "mkato mtambuka".

Istilahi hizi mbili hukutana katika kazi za tabaka. Chukua rafu mbili za plaiwudi, za unene mmoja, katika karakana yoyote ya Mugumu. Moja, nyuzi za tabaka zake za nje zafuata urefu. Ya pili, zakingama. Chini ya mzigo uleule ya pili hulegea zaidi, maana tabaka zilizo mbali na katikati ndizo zinazotawala kupinda. Tena, unene ukizidishwa mara 2, ukakamavu wa kupinda huwa mara 8. Kwa hiyo programu kama Abaqus hudai kwanza mwelekeo na mahali pa kila tabaka, ndipo ikokotoe ukakamavu wa mkato: wa kuvutwa, wa kupindwa na wa kusokotwa. Tabaka zisipolingana pande mbili za katikati, boriti inayovutwa huweza pia kupinda.

Basi tunapendekeza: "ugumu" ubaki kwa kutokwaruzika, "nguvu" kwa kutovunjika, na "ukakamavu" kwa kukataa kubadili umbo. Aidha, mfasiri hana budi kubainisha kama ni ukakamavu wa maada au wa mkato. Asipofanya hivyo, afisa wa wilaya anayeisoma tafsiri yake ataidhinisha paa lisilovunjika, kisha ashangae kuliona limebonyea. Walimu na wafasiri wenye hoja bora kuliko hizi wazilete. Istilahi hukomaa kwa kujadiliwa.