Fundi wa Makosa ya Wengine

Anayeanza kujifunza Python huleta malalamiko mafupi: "Mwalimu, imegoma." Ameitazama programu yake mpaka macho yamechoka. Fundi mzuri haikimbilii kibodi. Anauliza maswali mawili tu: ulitaka ifanye nini, na imefanya nini? Tatizo limejificha katikati ya majibu hayo, na mara nyingi mwanafunzi huanza kuliona akiwa bado anajieleza.

Majibu ya matatizo haya yamejaa mtandaoni, kwa hiyo kujua jibu peke yake hakumtofautishi mtu na mwingine. Mafundi ninaowahusudu wana sifa nyingine: wanajua kusoma. Python ikikwama hutoa ujumbe mrefu wa Kiingereza, ambacho kwa wanafunzi wetu wengi ni lugha ya pili au ya tatu. Mgeni huanzia juu kama asomavyo kitabu, akakutana na majina ya mafaili asiyoyajua, akakata tamaa kabla hajafika chini. Fundi huanzia mstari wa mwisho, maana ndipo kosa linapotajwa: NameError, jina halijulikani; IndexError, umeomba nafasi ambayo orodha haina; TypeError, umechanganya vitu visivyooana. Kisha anapanda polepole, akiyaruka mafaili ya maktaba zilizoandikwa na watu wengine, mpaka akutane na mstari ulioandikwa na mwanafunzi mwenyewe. Anaanzia kazi hapo.

Hata hapo haamini kila anachoambiwa. Kabla ya toleo la 3.10, lililotoka Oktoba 2021, ukisahau kufunga mabano Python mara nyingi ililalamikia mstari unaofuata, ambao haukuwa na hatia yoyote. Waliofundisha enzi hizo walizoea kutazama mstari wa juu. Siku hizi Python inakuonyesha bano uliloliacha wazi, na tangu toleo la 3.11 la mwaka 2022 huweka alama chini ya kipande chenyewe kilicholeta balaa. Kazi imekuwa nyepesi kiasi. Lakini yako makosa yasiyotoa ujumbe wowote, na ufundi hasa huonekana kwenye hayo.

Tuseme mwanafunzi anaandika programu ya duka. Daftari moja ni shilingi 500, mteja anataja idadi, programu inapiga hesabu:

bei = 500
idadi = input("Idadi: ")
print(bei * idadi)

Anaandika 3 akitegemea 1500. Kioo kinajaa tarakimu 3, moja baada ya nyingine, mara 500. Hakuna kosa lililotangazwa. Python imeridhika kabisa. Mwanafunzi anajaribu kuchunguza kwa print(idadi), anaona 3, anaapa kwamba idadi ni sahihi. Fundi anambadilishia kidogo tu: hebu andika print(repr(idadi)). Safari hii inatokea '3', ikiwa na alama za kunukuu pande zote mbili. Kwa hiyo si namba. Kila kinachopita kwenye input huingia kama maandishi, na namba ikizidishwa na maandishi, Python huyarudia maandishi hayo mara nyingi kadiri ya namba. Dawa ni kuigeuza kwa int palepale inapopokelewa. Mwanafunzi ameliona kosa kwa macho yake, na fundi hajagusa kibodi.

Kukifanya kilichofichika kionekane ndiyo nusu ya kazi hii. Guido van Rossum alipoanza kuitengeneza Python mwishoni mwa mwaka 1989 huko Amsterdam, alichukua kutoka lugha ya ABC desturi ya kupanga msimbo kwa nafasi za mwanzo wa mstari badala ya mabano. Msimbo unasomeka vizuri, ila nafasi hazionekani. Mstari mmoja ukisogezwa kwa tab na mwingine kwa nafasi nane, huenda jicho lisione tofauti, na bado Python 3 ikakataa kuendelea. Badala ya kubahatisha, fundi anafungua mpangilio wa kihariri unaoonyesha nukta na mishale mahali palipokuwa patupu, na ubishi unaisha.

Nusu ya pili ni kupunguza. Mwalimu wa shule anataka kuondoa alama zote zilizo chini ya 40 katika orodha [35, 28, 70, 39, 55]. Anapita kwenye orodha kwa for, na kila akikuta alama ndogo anaiondoa kwa remove. Inabaki [28, 70, 55]. Ile 28 imeponaje? Ajabu zaidi, akizipanga alama zilezile [35, 70, 28, 55, 39], jibu linatoka sahihi. Hapo wengi huilaumu kompyuta. Fundi cherehani hafumui gauni zima kwa ajili ya mshono mmoja, na huyu naye anaiacha programu ilivyo, anachukua orodha ya alama mbili tu: [35, 28]. Kwa kalamu na karatasi wanaifuata pamoja. Nafasi ya kwanza ina 35, inaondolewa. Mara 28 inasogea kuziba pengo, iko nafasi ya kwanza sasa. Lakini kitanzi kimeshahamia nafasi ya pili, na huko hakuna kitu. Kwa hiyo 28 haikuangaliwa kabisa. Ule mpangilio mwingine ulifaulu kwa sababu kila alama ndogo ilifuatwa na kubwa au ilikuwa ya mwisho, basi iliyorukwa haikustahili kuondolewa. Dawa ni kujenga orodha mpya ya zinazobaki: [a for a in alama if a >= 40].

Ingemchukua fundi sekunde chache kuuandika mstari huo mwenyewe. Ameitumia robo saa nzima kwenye karatasi kwa makusudi, kwa kuwa asiyejua kwa nini 28 iliponea pale ataliandika kosa hilohilo wiki ijayo kwa sura nyingine.

Ukitaka kupima kazi ya fundi wa namna hii, sikiliza swali ambalo mwanafunzi wake analeta baada ya muda. Hasemi tena kwamba imegoma. Anasema: "Mwalimu, mstari wa 12 unatoa TypeError. Nimepima kwa repr, nikakuta maandishi mahali nilipotegemea namba. Nimejaribu na mistari mitatu tu, bado inatokea." Aliyefika hapo ameshamaliza sehemu kubwa ya kazi mwenyewe, na kesho ataketi na mwenzake anayeanza.