Shahidi na Ushahidi: Mombasa, 1631

Tarehe 16 Agosti 1631, Yusuf bin Hasan, mfalme wa Mombasa aliyelelewa na Wareno huko Goa na kubatizwa Jerónimo, aliiteka Ngome ya Yesu. Wakristo, Wareno kwa Waafrika, walitakiwa wasilimu au wafe. Wapo waliokubali, na wengi walikataa wakauawa. Habari hizi twazipata katika ushahidi wa kiapo uliochukuliwa Goa, uliohaririwa na G.S.P. Freeman-Grenville mwaka 1980.

Mhakiki hana budi kuuliza fani ya maandishi haya. Yalikusanywa ili kuthibitisha kwamba waliouawa walifia dini. Maswali, basi, yaliyatangulia majibu. Kiswahili chaufichua ugumu huo kwa neno moja: shahidi ni mwenye kuona akasema, na pia mwenye kufia imani (nalo neno lenyewe ni la Kiarabu). Hapa shahidi wa kwanza amsemea wa pili. Mwafrika wa Mombasa aliyemkatalia mfalme yamkini alimkatalia kwa Kiswahili. Sisi twaletewa Kireno.

Hata hivyo, sioni haki ya kuutupa ushahidi huo wote. Maneno yaweza kuwa ya karani. Kukataa kulikuwa kwao, na njia ya kuokoka walikuwa wameonyeshwa.