Mwalimu Asiyemshika Kondoo

Mwalimu wa kilimo wa sekondari nchini Marekani, akifika nyumbani kwa mwanafunzi kukagua mradi wa kondoo, haingii zizini moja kwa moja. Husimama nje ya ua, mikono mfukoni, akitazama. Yupi anakula, yupi amejitenga, yupi anachechemea, kinyesi ni vidonge au kimelainika. Kondoo ni bingwa wa kuficha maradhi. Mwingilie kwa pupa, kundi zima litatimua mbio, na mgonjwa atakuwa humo humo.

Kazi hii imewekewa msingi na sheria. Sheria ya Smith-Hughes ya 1917, iliyoleta fedha za serikali kuu kwa masomo ya ufundi na kilimo, ilitaka mwanafunzi wa kilimo afanye mazoezi ya vitendo chini ya usimamizi kwa miezi isiyopungua sita kila mwaka. Kabla ya hapo, huko Massachusetts, Rufus Stimson alishaanza kuwapa vijana miradi ya kufanyia kwao, mwalimu akiwafuata huko huko. Aliyesoma kilimo Kenya hadi mtihani wa KCSE ataukumbuka mradi wake, ingawa mara nyingi ulikuwa shambani mwa shule. Mwalimu wa Marekani hana budi kuzunguka, na wengi huajiriwa hata miezi ya likizo, kwa sababu kondoo hawafungi shule.

Tuseme mwanafunzi ni msichana wa kidato cha pili, na kondoo mmoja jike anabaki nyuma ya wenzake. “Amenona,” asema msichana. Mwalimu hajibu ila neno moja: “Mguse.” Vidole vinazama kwenye sufu, nyuma ya mbavu, vinatafuta uti wa mgongo. Alama ni moja hadi tano, kutoka aliyekonda hadi aliyenenepa kupita kiasi. “Tatu.” “Gusa tena.” Kimya kidogo. “Mbili.” Kumbe unono wote ulikuwa sufu.

Kisha kope ya chini inavutwa, na rangi ya ndani inalinganishwa na kadi yenye rangi tano, kuanzia nyekundu iliyokolea hadi nyeupe. Mbinu hiyo ilibuniwa Afrika Kusini kwa ajili ya mnyoo anayenyonya damu tumboni. Waliopauka hupewa dawa, wekundu huachwa, maana kundi zima likinyweshwa kila mara, minyoo huizoea dawa. Mwalimu alishahisi jambo hili akiwa nje ya ua, kwamba jike yule ni mgonjwa. Angeweza kulisema, akamshika kondoo mwenyewe na kuwahi nyumba inayofuata. Ninachokistahi ni kule kutosema kwake.

Si kila jambo husubiri, hata hivyo. Ghalani husoma lebo ya mfuko wa chakula, na akikuta ni cha nguruwe au ng'ombe, husimamisha ulishaji papo hapo. Kondoo hulimbikiza shaba nyekundu kwenye ini, pengine kwa miezi, bila dalili yoyote. Siku ikifurika kwenye damu, huharibu chembe nyekundu, na mnyama anaweza kufa katika siku moja au mbili. Hapo hakuna maswali ya kumfikirisha mtoto.

Mwisho daftari la hesabu. Nyasi kavu alizotoa baba zimeandikwa sifuri. “Ungezinunua kwa jirani, ungelipa ngapi?” Msichana anapiga hesabu, na faida ya mradi inayeyuka karibu yote. Wengi hupenda kuwatazama vijana hawa wa FFA, chama cha wanafunzi wa kilimo kilichoanzishwa Kansas City mwaka 1928 na kuwakubali wasichana mwaka 1969, wakiwa na jaketi zao za buluu kwenye maonyesho. Mimi nafasi ningeipata, ningeketi karibu na daftari. Ukurasa wa kwanza una lengo la kila mnyama: huyu wa nyama, na mwezi wa kuuzwa, huyu wa kuzalisha. Mtoto ameyaandika kwa mkono wake kabla hajampa mwanakondoo jina.

Jike wa kuzalisha akishapandishwa, mimba huchukua siku 147 hivi, na ziara za mwalimu hupangwa kwa kuihesabu. Kabla ya kuzaa lazima pawepo ayodini ya kitovu, chupa ya kunyweshea dang'a na kipimajoto. Simu ikilia usiku kwamba mwanakondoo amelegea, swali la kwanza la mwalimu ni joto la mwili. Kwa mwenye afya ni nyuzi 39 hadi 40, na msichana huwa ameshapima kabla ya kupiga.